Vidole vya Selemani na Maneno ya Steringi

Keko, Temeke
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka Bakari,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu mama hakunilea nianze maneno bila salamu, siyo kwa sababu nina hamu ya kukuamkia. Hali ya mama naijua, tumeongea jana na anasema kifua kimepungua kubana. Hali yako sikuulizi. Nasikia hapo Newala uko mzima, kibanda chako cha muvi kinajaa na sauti bado unayo. Mie sijambo. Selemani naye anaendelea, na habari yake ndiyo iliyonikalisha chini kuandika.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Kwenye simu humsikilizi mtu. Nikisema neno unanikatiza na maneno ya steringi fulani, shujaa wa muvi, halafu unacheka ile sauti yako ya kwenye maiki, mie nabaki nimeshika simu kama mjinga. Karatasi huwezi kuikatiza. Nampa hii Mama Zuhura wa duka la vitenge, anakuja huko na basi la kesho, na nimemwambia akukabidhi mkononi, mama akiwepo.

Najua habari ya mkono wa Selemani umeshaisikia. Umesikia kipande, na kipande hicho umekifanya kichangamsho cha watu kabla muvi haijaanza. Mama kaniambia. Eti unashika maiki unatangaza kwamba mdogo wako kakatwa na mashine huku Dar wala hakutoa chozi, na vijana wanagonga mabenchi. Basi kaa usome ilivyokuwa.

Baba alipofariki wewe ndiye uliyetulea, hilo silikatai. Kibanda umiza kilitulisha. Nilikuwaga nakaa benchi la mbele, Selemani mapajani kwangu, wewe pembeni ya televisheni unatafsiri muvi za Wachina, za Wahindi, za Wakorea, na sie tuliamini kweli lugha zote hizo unazijua. Mtu anafoka kwa Kichina, wewe unatuambia, "Anasema ukimgusa mdogo wangu, andaa sanda mbili." Asubuhi ukitusindikiza shule unaturudishia yaleyale. Selemani akijikwaa, steringi halii. Akipigwa na wenzake, steringi hashtaki. Mie nilikua, nikayaacha palepale benchini. Selemani hakuyaacha. Baba hamkumbuki hata sura. Alikuwa na wewe, na wale wa kwenye kioo.

Na siyo Selemani peke yake aliyeumia. Wifi Mwanahawa alipoondoka, wazee wa kwao wakaja kusuluhisha, wamekaa mkekani na kofia zao, ukawajibu, "Mlango aliotokea uko wazi, ila aliyekuwa ndani ameshakufa." Wale wazee walitazamana. Mwanamke alikuwa anasubiri neno samahani tu, alishaniambia mwenyewe. Leo yuko Mtwara kwa mume mwingine, na wewe unawaambia watu alikuwa adui.

Sasa la mkono. Kazi yangu iko Mbweni, kwenye nyumba mpya za kule juu pwani, naitunza nyumba ya mama mmoja na kumwangalia bibi yao. Nalala hukohuko, Keko narudi Jumamosi. Chumbani kwetu anakaa Selemani, na karakana ya Fundi Chande anakojifunza useremala iko barabarani tu, ukitoka uani unaiona. Siku hiyo walikuwa wanaranda mbao za vitanda. Mashine ikamshika mkono wa kulia, kidole cha shahada na kile cha kati. Haikuving'oa, ilivichana. Fundi Chande akazima umeme, akasimamisha bajaji palepale, akamwambia panda twende hospitali. Haya kanihadithia Fundi mwenyewe, na yule bwana hana tabia ya kuongeza chumvi. Selemani akamwambia asubiri kwanza ampigie braza. Akaweka spika, damu inachuruzika kwenye unga wa mbao, karakana nzima inasikiliza.

"Braza, mashine imenikata. Fundi anataka nipelekwe hospitali."

"Umelia?" Ndivyo ulivyomuuliza.

"Hapana."

"Basi hujakatika, umekwaruzika. Unamkumbuka yule dereva wa lori kwenye ile muvi ya Kihindi, alivyopigwa panga mkononi? Alisemaje?"

Na Selemani, midomo imeshamkauka, akakujibu kama mtoto wa madrasa anayesomeshwa: "Damu ya mwanaume haifungwi bandeji."

"Umesema. Zungushia kitambaa, rudi kazini."

Hukumuuliza ni kidole gani. Hukumuuliza chuma kimeingia kiasi gani, wala kama ameshachomwa sindano ya pepopunda. Ulimuuliza kama amelia. Vijana wakashangilia, wa karakana ya jirani wakaja kumpa mkono, ule wa kushoto. Fundi Chande akabaki anambembeleza mpaka dereva wa bajaji akachoka kusubiri, akaondoka. Selemani akafunga mkono na tisheti, akashika msasa.

Wiki ile nimeongea naye kwenye simu, ananiambia kila kitu fresh tu. Fundi alipotaka kunipigia, Selemani alimsihi asinitie presha. Jumamosi nikafika mchana, nikakuta mlango umerudishwa na dirisha limefungwa, joto lote lile. Kilichonipokea ni harufu. Alikuwa amekaa kitandani, mkono kauweka juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze. Umevimba mpaka kiwiko, ngozi inang'aa.

"Sele, hiki nini?"

"Mkwaruzo, dada."

"Wa lini?"

"Jumatatu. Unapoa huu."

Nilimgusa shingo nikaondoa mkono haraka. Homa ilikuwa inamchemsha, meno yanagongana, na bado anajitahidi kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama wale uliokuwa ukituonyesha. Nilimshika mkono mzima, nikamtoa nje hivyohivyo na kandambili, nikampakia bajaji.

Hospitali tulipokelewa na daktari msichana, pengine mdogo kuliko mie. Alifungua ile tisheti taratibu, akaitupa.

"Kwa nini umechelewa kuja?" akamuuliza.

Selemani akamwambia lile neno la damu na bandeji. Alilisema, kaka. Mbele ya daktari, usaha unadondoka kwenye sinia.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Kaka yangu."

"Kaka yako ni mganga? Nesi?"

"Ana kibanda cha video."

Yule binti hakucheka. Ningemwelewa kama angecheka. Alinigeukia mie akasema vile vidole viwili vimeshakufa, havirudi, na kama tungesubiri zaidi angekuwa anazungumzia mkono, siyo vidole. Selemani alitia dole gumba la kushoto kwenye karatasi ya ruhusa ya kuvikata, maana kalamu hakuweza kuishika. Walipomrudisha wodini alikuwa bado hajaamka vizuri, akawa anahesabu kwa kugusa, anafika kwenye bandeji anaanza tena. Nilimshika mkono asiendelee.

Nikakupigia, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nalia. Ukasema utatuma ujumbe, ukakata. Ukautuma kweli, wa sauti. "Mwambie mwenye vidole vitatu anaogopwa kuliko mwenye vitano." Halafu kicheko. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha jirani akaniuliza ni nani huyo anayecheka. Nikamjibu ni mtu wa muvi tu. Niliona aibu kumwambia kwamba tumelala tumbo moja.

Ningeweza kunyamaza hata hapo. Nimekunyamazia mengi. Lililonishikisha kalamu limetokea juzi huko Mbweni.

Nilikuwa sebuleni napiga pasi, bibi anaangalia muvi kwenye ile chaneli ambayo kila mhusika anapewa sauti yake ya Kiswahili, na wanaotafsiri wanaijua lugha wanayoitafsiri. Nikasikia muziki, mwili ukanisisimka kabla sijajua kwa nini. Nikainua macho. Lori jekundu lenye maua ya plastiki mbele ya kioo. Yuleyule dereva, masharubu yaleyale. Wakaja maadui na mapanga, akakatwa mkono, akaanguka kando ya gurudumu, na pale nikajua neno gani linafuata, hata midomo yangu ilikuwa imeshaanza.

Hakulisema. Alimshika utingo wake shati kwa mkono mzima akamwambia, "Nipeleke hospitali. Wahi, naogopa. Nikiupoteza mkono huu, mama yangu atakula nini?" Halafu akalia. Alilia kwa sauti, uso wote, kamasi zinamtoka, na utingo naye analia huku anawasha gari. Na hapo nikakumbuka kwamba kwenye sehemu hiyo ndipo ulipokuwaga unapaza sauti, unapiga kelele za "Moto, moto, moto," mpaka kile kilio tusikisikie.

Bibi ndiye aliyeniambia shuka linaungua.

Kwa hiyo lile neno uliliunda wewe. Wala sikulaumu kwa kuunda. Watu walitaka shujaa, mabenchi yakajaa, sie tukala. Ninachokulaumu ni kwamba ulijua limetoka kinywani mwako, kwa mtu ambaye hajawahi kukatwa hata na wembe, na siku mtoto uliyemlea amesimama anavuja damu anakuuliza afanye nini, ukampa hilohilo kana kwamba limetoka kwa aliyekatwa akapona. Mgeni kabisa, dereva wa bajaji, alisimama kumsubiri. Wewe ulimuuliza maswali ya muvi.

Nilipofika Keko jana nilimhadithia Selemani. Nilimkuta uani anafua shati kwa mkono mmoja, analibana ukingoni mwa beseni kwa kiwiko. Nilidhani atabisha. Aliacha kufua, povu linamkauka mkononi.

"Kumbe na yeye aliogopa," akasema.

"Aliogopa sana."

"Dada, mie nilitamani kupanda ile bajaji. Nilitamani Fundi anibebe kwa nguvu aniweke ndani."

Akaendelea kufua. Hilo neno lake sasa nakaa nalo, na wewe nataka ukae nalo.

Kuhusu maisha yake: Fundi Chande hajamfukuza. Patasi haikai mkononi, na mashine hataki hata kuikaribia. Amepewa kazi ya vanishi, anapaka makochi kwa mkono wa kushoto, na siku za mwanzo mengine yalirudiwa upya. Fundi hakumfokea. Anajifunza upya kula, kufunga vifungo, kuandika jina lake. Kesi ya muvi imekwisha. Wenzake wakimwita waende kuangalia, anasema amechoka.

Mama anasema una mpango wa kuja kumchukua, ukamkalishe kibandani awaonyeshe watu mkono. Usije. Ukishuka stendi, mie nitakuwa nimeshamhamishia Mbweni kwa watu nisiokutajia, na Fundi Chande nimeshaongea naye. Na jina la Selemani ulitoe kwenye maiki yako kuanzia siku utakayosoma barua hii. Nikisikia umelitaja tena, nitakuja Newala mwenyewe, nitakaa benchi la mbele siku watu wamejaa, na sehemu ya lori jekundu ikifika nitasimama niwatafsirie mie. Unanijua.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kifua aimalize yote hata akijisikia nafuu. Nisalimie shangazi Fatu, aliyenisuka nywele za Idi mama alipokuwa anaumwa. Nisalimie mjomba Issa anayeiangalia mikorosho ya baba, mwambie Selemani bado anaulizia ule mkorosho wa kisimani. Na ukimwona wifi wa zamani anapita kuja kumjulia hali mama, mwache apite, usimsemeshe chochote cha kwenye muvi.

Selemani hajui kama nimekuandikia. Ningependa nikwambie amekuchukia, ingenirahisishia. Hajakuchukia. Jana jioni tumekaa barazani, simu yake imeita kila mara, wateja wa Fundi na marafiki zake. Kila ikiita anaitoa mfukoni upesi kwa mkono ule mbovu, inamponyoka, anaiokota, anaangalia jina. Akiona siyo la kwako, anairudisha bila kupokea.

Ni mie mdogo wako,
Somoe