Nyumba Isiyo na Mbwa

Jumatatu, 8 Julai

Kazi nimepewa mimi. Nani mwingine! Mama mkwe anatimiza miaka sabini, anataka wanawe wote na wajukuu wote wakae wiki moja baharini, nyumba moja, sufuria moja. Vizuri sana. Ndugu watatu wakakaa kikao kwenye simu, wakakubaliana mume wangu ndiye atafute nyumba. Yeye akaitikia sawa, sawa, sawa. Akakata simu, akanigeukia: "Mama Chiriku, wewe una jicho la kutafuta vitu."

Jicho. Haya.

Sharti langu ni moja. Bahari iwe karibu au mbali, vitanda vitoshe au tubanane, maji yatoke bombani au tuchote kwa ndoo, sijali. Mbwa asiwepo. Asiwe ndani, asiwe uani, asiwe amefungwa, asiwe mzee, asiwe amelala.

Nimepiga simu nne baada ya kazi. Wa kwanza: mbwa anaye, ila ni mpole. Wa pili: anao wawili, wapole wote. Wa tatu alicheka! Eti mtu mzima naogopa mbwa? Nikamwambia ni mtoto wangu. Ah, atazoea, wiki haiishi atakuwa anampanda mgongoni. Nikamkatia simu. Wa nne akasema mbwa wake hamng'ati mtu asiyeogopa.

Asiyeogopa! Kwa hiyo anayeogopa ndiye wa kung'atwa, na kosa ni lake mwenyewe. Nimekaa na simu mkononi, masikio yananiwaka moto.

Jumanne, 9 Julai

Mapumziko ya mchana, chumba cha nyuma cha duka la miwani. Vumbi la lenzi limejaa kwenye sketi.

Nilipata tangazo zuri. Picha kumi na mbili: veranda, vyandarua vyeupe, ngazi tatu tu hadi mchangani. Mwenye nyumba nikamuuliza, una mbwa? Hakuna. Hakuna kabisa? Kabisa, mama. Moyo ukatulia. Nikazipitia picha tena, polepole, maana mwaka wa kumi na moja huu kazi yangu ni kutafuta mkwaruzo usioonekana. Picha ya tisa, jikoni, chini ya sinki: mabakuli mawili ya bati sakafuni. Moja lina maji.

Nikampigia tena. Oh, yale! Yale ni ya mbwa wa dada yake, huja mwisho wa wiki tu. Nikamuuliza kama wiki yetu haitakuwa na mwisho. Akasema mbona nakuwa mkali.

Nikarudi kwenye mashine na ukali wangu. Nikasaga lenzi za mzee mmoja, ya kulia nikaipeleka kushoto. Bosi aliinua ile fremu kwenye mwanga, akanitazama kupitia humo, muda mrefu, mpaka mimi mwenyewe nikasema nitarudia.

Ijumaa, 12 Julai

Wifi amekuja jioni. Dada mkubwa wa mume wangu. Kabla hajakaa kaniambia amesikia nachelewesha mambo. Kisha, huku anachovya mkate kwenye chai, akalitoa lililomleta: atakuja na Asali.

Asali ni mbwa wake. Jike la kahawia, kifua kama pipa. "Asali ni mtu wa nyumbani," kasema. "Siwezi kumwacha kama gunia."

Nikasema wifi, habari za Chiriku unazijua. Akasema anazijua sana, na ndiyo maana. Mtoto mnamlea kama yai! Miaka miwili sasa, mtoto wa miaka minane haendi dukani, haendi kwa shangazi yake, akiona kamba tu anavuka barabara. Mtoto huzoeshwa, wifi. Angekuwa wangu ningemfungia chumba kimoja na Asali, siku moja tu, yakaisha.

Nilisema mengi. Siyaandiki yote, nina haya hata na karatasi. Nilimwambia ajifungie yeye chumba kimoja na simba, nitampitishia chakula dirishani. Nilimwambia Asali akienda, basi nyumba watafute wao na sherehe wale wao, mimi na mwanangu tutabaki hapa kutazama ukuta. Sauti ilifika kwa majirani. Jirani wa juu alizima redio ili asikie vizuri!

Na mume wangu? Anasoma simu. Kidole kinapanda, kidole kinashuka. Huku dada, huku mke, yeye katikati kama mtu aliyejibanza kibarazani anasubiri mvua ikatike.

Wifi ameondoka bila kuaga. Nusu kikombe kimebaki. Nikageuka kukiosha, Chiriku huyo, mlangoni mwa jikoni, miguu mitupu. Kasikia kila kitu. Akauliza tu: "Asali ana ukubwa gani?"

Jumamosi, 13 Julai

Bado nina hasira. Nimekunja nguo kwa hasira, mashati ya watu yamekuwa kama karatasi. Na katikati ya kukunja nimeujua mzizi wake. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Siku ile tulikwenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni. Chiriku alikuwa na miaka sita. Alikuwa anaongea bila kumeza mate, njia nzima, ndiyo maana tukamwita hivyo. Mlangoni mwa fundi mbwa amelala. Mtoto akanyamaza, akanishika sketi. Fundi akasema pita tu, hana neno. Wateja wawili wakatugeukia. Nikaona aibu. Aibu! Mtu mzima na mtoto wake tumeganda mlangoni kwa sababu ya mbwa aliyelala. Nikamtoa vidole kwenye sketi yangu, kimoja kimoja. Nikamwambia: "Usiogope. Mpapase. Hana neno."

Akampapasa. Kwa sababu mama yake amemwambia.

Nyuzi kumi na nne, kutoka kiwiko kushuka. Kovu limekaa kama zipu. Hajanilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningejitetea, ningelia, tungemalizana. Halaumu. Ananishika sketi tu, mpaka leo, kwa vidole vile vile.

Kwa hiyo kila mwenye nyumba akiniambia hana neno, namsikia mwanamke mmoja mlangoni mwa fundi cherehani. Huyo ndiye ningependa kumkatia simu.

Jumatano, 17 Julai

Mama mmoja leo, muuguzi mstaafu, ana nyumba juu ya mwamba. Hakucheka. Aliuliza mtoto ana umri gani, kidonda kilipona vizuri, usiku analala? Akasema yeye hana mbwa, jirani anaye, ukuta upo katikati, na asubuhi atakwenda mwenyewe kuukagua ukuta kama una tundu. Nilikaribia kulia na simu sikioni.

Kisha akafungua daftari lake. Wiki yetu ina watu. Wiki ile ile!

Nimepiga meza ngumi. Sukari yote chini. Nimeizoa na nusu yake nimeitupa, na sijutii.

Jumamosi, 20 Julai

Imepatikana!

Mwenye nyumba ni mwanamume, sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Nimemhoji kama polisi. Una mbwa? Sina. Wa ndugu? Hakuna. Wa rafiki? Hakuna. Wa mwisho wa wiki? Akacheka, hakuna, hata paka. Nikasema niandikie. Akaandika, ninao ujumbe: "Mimi sina mbwa na wala sifugi mbwa." Nimeusoma mara tatu, kisha nikamsomea mume wangu. Akasema, umeona? Kana kwamba katafuta yeye.

Asali atabaki kwa rafiki wa wifi. Mama mkwe ndiye aliyempigia bintiye, sijui alimwambia nini, ila wifi amenuna na salamu zangu hapokei. Anune mpaka mashavu yapasuke.

Nimemwambia Chiriku. Hakuruka. Aliuliza lango linafungwa na nini. Akauliza nani mwingine ana ufunguo. Akauliza, na mchangani je? Mchangani mbwa wa watu hutembea. La mchangani sikuwa nimelifikiria! Nikamwambia tutakwenda asubuhi na mapema, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Akafikiri. Akaenda kabatini akatoa nguo yake ya kuogelea. Haipiti mabegani. Ni ya kabla ya siku ile.

Alhamisi, 1 Agosti

Mabegi matano, moja halifungi. Leo hasira sina, sina pa kuiweka.

Chiriku ameongea tangu asubuhi! Samaki hulala? Wakilala macho hufunga? Bibi anajua kuogelea, na kama hajui nani atamshika? Mume wangu alisimama katikati ya chumba na soksi mkononi, anamsikiliza. "Amerudi," akaninong'oneza. Nikamwambia anyamaze, asije akamshtua.

Ijumaa, 2 Agosti

Naandika ndani ya gari. Milango nimeibana kwa ndani, vioo juu, joto kama tanuri. Chiriku yuko sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva, amejikunja kama nguo chafu. Hajatoa neno tangu saa nane.

Saa nane ndipo tulipofika. Mwenye nyumba alifungua lango mwenyewe, mikono hewani, karibuni, karibuni sana! Chiriku alishuka wa kwanza. Wa kwanza, kabla ya watu wote! Hatua tano, sita, kofia kichwani, anaitazama bahari kule chini. Nyuma ya tangi la maji akatokea. Mweusi. Mnyororo shingoni, unaburuta chini, haukufungwa popote.

Sikumbuki nilivyomfikia. Nakumbuka kucha za mwanangu shingoni mwangu. Mbwa hakumgusa. Alisimama, akanusa kofia iliyodondoka.

Nikamuuliza mwenye nyumba hiki ni nini. Akajibu, tena kwa utulivu kabisa: "Huyo si wangu. Ni wa mlinzi. Wewe uliniuliza kama mimi nina mbwa." Nikatoa simu nikamsomea ujumbe wake mbele ya watu wote. Akatikisa kichwa kukubali, eti ndiyo, hivyo hivyo, sina na wala sifugi. Na anatabasamu! Mtu hana haya wala soni!

Mlinzi ndiye aliyeona haya. Mzee mwembamba, alikuja mbio akashika mnyororo kwa mikono miwili. Kaniambia hakuambiwa kitu. Angeambiwa, mbwa angempeleka kwa kaka yake tangu jana. Huyo sina ugomvi naye.

Wifi akaanza. Si anafungwa? Tumetoka mbali, Mama amechoka, jamani, kwa ajili ya mtoto mmoja? Shemeji, ndugu yao wa tatu, alikuwa ameshaanza kuingiza mabegi ndani. Mume wangu kasimama katikati ya lango, simu mkononi. Hakuna aliyeniangalia. Nikasema mimi humo siingii, nikarudi garini na mtoto, nikabonyeza vitasa vyote vinne.

Imepita saa nzima. Nimepiga simu tatu, nyumba zote zimejaa. Wiki hii kila mtu yuko baharini.

Haya ndiyo ninayoyaona kwenye kioo. Mama mkwe ametoa kiti chake cha kukunja kwenye buti. Amekiweka nje ya lango, barabarani, juani, amekaa, mkoba mapajani. Wifi anamvuta mkono, Mama ingia kivulini. Hainuki. Alichojibu nimekisikia hata humu, maana sauti ndogo hana: "Nilisema wajukuu wote. Hebu wahesabu."

Wifi kaachia mkono.

Mume wangu ameweka simu mfukoni. Ameingia ndani. Ametoka na mabegi mawili, kayapanga barabarani kando ya mama yake. Amerudi. Ametoka na la shemeji. Amerudi tena, katoka na la wifi, lile lenye magurudumu, na wifi anapiga kelele: tunakwenda wapi sasa? Jua linakwenda! Tutalala wapi? Swali zuri. Jibu sina. Sidhani hata yeye analo.

Mwenye nyumba anamfuata nyuma, anaeleza, mikono inacheza. Kamshika bega. Mume wangu kageuka—

Anafoka! Mume wangu! Mtu ambaye hata kwenye mpira sauti haimtoki. Mishipa ya shingo imesimama, kidole kiko kifuani kwa yule mtu, yule mtu anarudi nyuma. Maneno siyasikii. Kioo kiko juu.

Chiriku ameinua kichwa.

"Huyo ni Baba?"

Ndiye.

"Anasema nini?"

Nimemwambia sijui, hayafiki huku. Amepanda kwenye kiti, magoti kwanza, uso karibu na kioo. Mbwa yupo pale pale, hatua ishirini, mlinzi kamshika. Amemwona. Najua amemwona, mkono umeenda wenyewe kwenye kovu. Hakushuka. Ameniambia nifungue kioo. Nimekizungusha, upana wa kidole.

"Shusha tena, Mama."