Kisahani Nilichofunika

Karurumo, Alhamisi, Agosti 1996

Eti hewa ya nyumba yangu ni mbaya. Mimi niliyechonga kila jiwe hapa na mkono wangu, naambiwa hivyo na bibi ya kijana wangu, kwa sababu mtoto wake anakohoa na ukuta uko na ukungu mweusi kidogo.

Wiki jana akaleta bwana afya. Aliweka kisahani cha plastiki kando ya kitanda cha mtoto, akatoa kifuniko.

"Mzee, kikae wazi saa moja. Ukungu wa hewa utaanguka humo, halafu tutaona kama utaota."

Walipoenda kunywa chai nikakifunika. Niliposikia viatu vyao nikafunua.

Leo amerudi. "Hewa yako ni safi, mzee. Hakuna kitu kimeota."

"Si nilisema?" Nikacheka.

"Nisamehe, baba, nilikukosea," bibi ya kijana akasema. Tangu wiki jana mtoto alikuwa analala jikoni karibu na moto. Jioni amemrudisha kwa kile chumba cha ukungu.

Sasa anakohoa, namsikia. Nikisema ukweli, mama yake atambeba aende kwao Gachoka, na hatarudi.

Hata chifu sijawahi kumuogopa. Huyu msichana namuogopa.