Mtoto Aliyefumba Macho

Jumamosi, 5 Juni 2004

Mtoto kafika! Si yeye, picha yake. Baba yake, kaka yangu Klementi, ameituma kwa barua pepe kutoka Norwei, na si picha ya kukaa tu — inacheza. Mtoto amelala, mara anafumbua macho, anakutazama, anapiga mwayo, analala tena. Halafu anaanza upya. Mimi na Salima, yule dada wa intaneti karibu na stendi ya Lindi, tumetazama mpaka mteja wa kompyuta ya pili akauliza kama tunaangalia sinema. Nimelia. Fundi cherehani mzima, nalia mbele za watu na futi shingoni.

Ubatizo ni Jumapili ya tarehe nne Julai. Jina hana bado, wanamsubiri Mama. Kwetu nyumbani mtoto hapewi jina mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba amtazame usoni, aone ni nani kati ya waliotangulia aliyerudi. Huyu kaka yangu Klementi alipozaliwa, Mama alimwinamia kitandani akasema, "Shikamoo, baba." Alimwona babu yetu, baba yake mzazi. Mpaka leo hamwiti kwa jina, huniuliza tu, baba hajambo huko? Mimi nilipotazamwa nikaonekana ni shangazi mmoja wa Mama, mkali sana.

Picha walizotuma kwa posta tangu Mei hazijafika. Basi ni hii. Nitaitoa kwenye kompyuta nimpelekee Mama kijijini Mtama.

Jumatatu, 7 Juni

Salima amenisevia barua nzima kwenye disketi. Mbio mpaka kwa Abdurahmani wa stesheneri, mwenye printa ya rangi. Akaifungua. Maneno ya Klementi yote yapo, salamu zote zipo — na pale alipokuwa mtoto pana kiboksi kitupu, na ndani yake kimsalaba chekundu! Msalaba, mahali pa mtoto! Moyo ulinipasuka. Abdurahmani akasema ndivyo kompyuta inavyoonyesha kwamba haikuipata picha, nisiweke maana. Nimeweka maana njia nzima hadi nyumbani Rasbura.

Nimerudi nikamfokea Salima. Akasema tu ataulizia. Kesho nimpelekee vitumbua.

Jumatano, 9 Juni

Salima kapata! Kumbe ile barua ilibeba anwani ya picha tu, picha yenyewe ikabaki huko huko mtandaoni. Inatakiwa mausi uipeleke juu ya mtoto mwenyewe, ubonyeze kitufe cha kulia, umseve peke yake. Sisi tulibeba bahasha, kilichomo tukakiacha posta.

Abdurahmani kaprinti kwenye karatasi ya kung'aa. Mtoto amelala, ngumi shavuni, midomo kaichongoa. Mzuri jamani! Haichezi, lakini karatasi ingechezaje. Disketi nimeirudisha nyumbani. Salima kanionya nisiiweke kwenye droo ya cherehani yenye sumaku ya kuokotea pini, itafutika. Nimeiweka kabatini, kwenye kitenge cha sikukuu.

Jumamosi, 12 Juni. Mtama

Sijui nianzie wapi.

Nilishuka kwenye basi la Masasi saa nne. Mama alikuwa shambani, wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, kaja na unga wa njano hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, akanawa mikono, akanawa tena. Akakaa mkekani. Nikampa picha kwa mikono miwili.

Akaitazama muda mrefu. Nikawa nangoja jina. Badala yake kaigeuza kifudifudi juu ya paja, kaifunika kwa upande wa kanga.

"Mmemzika lini?"

Nikacheka! Mungu anisamehe, nilidhani ni utani. Nikaona yeye hacheki. Nikaanza kueleza — amelala tu, Mama, mzima, inacheza, akiamka anapiga mwayo. Kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyozidi kuonekana naficha. Mtu aliyefiwa ndivyo anavyoambiwa siku zote. Njoo nyumbani, mama anaumwa kidogo. Kumbe kaburi limeshachimbwa.

Na picha ya Baba iko palepale ukutani. Baba kwenye jeneza, pamba puani, macho yamefumbwa. Tulimpiga picha ili Klementi aliyekuwa mbali naye amuage. Hapa kwetu anayepigwa picha amefumba macho ni mmoja tu, marehemu. Aliyemwita mpiga picha siku ile ni mimi! Na leo nimebeba karatasi hii kutoka Lindi huku nachekelea.

Jumapili, 13 Juni. Mtama bado

Majirani wamekuja na unga, kama msibani. Mama Scholastica wa nyumba ya pili kaja na kuni kabisa. Nimesimama mlangoni nikawaambia hakuna msiba, rudini makwenu. Wakanipa pole kwa huruma, wakapita ndani. Nilitamani kupiga mtu.

Jioni nilimwuliza Mama, kama ni mzima, je, ungemwita nani? Akasema kwa Kimwera chetu kwanza, peke yake. Kisha akaniambia paji la uso linafanana na la mama yake mzazi, bibi Stefania, na kidevu ni cha marehemu dada yake Consolata. Ila uso bila macho hauambii mtu kitu. Na jina la mama yake halitoi likazikwe mara ya pili.

Shambani hajaenda. Salfa imekaa kwenye mifuko.

Jumanne, 15 Juni

Lindi. Nina hasira na Klementi. Picha ya kawaida imemshinda nini, mtoto kakodoa macho, basi? Nimemwandikia hivyo hivyo. Simu yake haipokelewi.

Nimempelekea Abdurahmani disketi aangalie kama macho yamo. Kaifungua, kaikuza, kaipunguza. Amelala. Amelala tu! Hafumbui. Nikauliza kama kusevu kumeyapoteza macho. Kasema Allahu aalam, yeye anachojua ni kuprinti.

Nimekwenda kwa Salima nimwone tena kwenye barua. Na kule nako — kiboksi. Kimsalaba. Salima anasema huenda huko ilikowekwa wameshaiondoa. Kwa hiyo mtoto aliyebaki ni wa kwenye disketi, na huyo haamki.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Leo na mimi nimeogopa. Nimejiuliza kama yule mtoto nilimwona kweli anapiga mwayo.

Jumamosi, 19 Juni

AMEAMKA!

Laini ya intaneti ilikatika tangu asubuhi, wateja hakuna, Salima kaniambia tujaribu tu. Disketi ikaingia, ikakoroma. Badala ya kuifungua kwa ile programu ya picha kama ya Abdurahmani, akaivuta kwa mausi mpaka kwenye dirisha la intaneti, akaiachia. Mara macho haya hapa! Mwayo! Kumbe ni picha nyingi zinazofuatana, na zote zilikuwemo siku zote. Ile programu ya Abdurahmani inajua kuonyesha ya kwanza tu, na ya kwanza kalala. Nimemkumbatia Salima mpaka mtandio ukamvuka. Na laini imekatika, jamani! Mtoto anaamka bila laini! Huyu sasa ni wetu, hawezi kuondolewa na mtu.

Salima amenakili kwenye kompyuta ya ofisi pia, na kwenye disketi nyingine. Kanipa zote mbili, kasema inshallah bibi atamwona.

Jumatano, 23 Juni

Nimekwenda Mtama na kurudi. Kompyuta huko sikuipata ya kuazima. Basi Mama aje Lindi.

Kakataa. Kasema, atoke kwenye msiba aende kuangalia sinema, watu watasemaje? Nikaishiwa maneno ya upole, na upole wenyewe sina mwingi. Nikamwambia, "Mama, njoo umtazame. Asipofumbua macho, nitanyoa nywele na nitakaa matanga na wewe."

Kanitazama sana. Kasema, hapo ndipo shangazi yake anapozungumza kwa kinywa changu. Sikujua kama ni ndiyo au hapana. Aliponisindikiza barabarani alinishika mkono.

Jumatatu, 28 Juni

Klementi kajibu! Alikuwa baharini na meli ya uvuvi. Mtoto mzima, analia usiku kucha, mkewe Mary hana usingizi. Kaomba radhi — aliona ile ya kucheza ndiyo Mama angeifurahia. Maskini. Ameuliza kama baba wa Mama amesahauliwa, mbona haulizwi hali siku hizi. Nimecheka peke yangu.

Padri wao anataka jina Jumamosi. Mama hajaja.

Ijumaa, 2 Julai. Naandikia hapa hapa intaneti

Mama amekuja.

Sikumwita tena. Nilikuwa napima sketi ya mwanafunzi, nikasikia hodi. Kavaa kaniki nyeusi, kajifunga kanga kiunoni kama wafiwa, ile picha kaibeba kwenye bahasha ya magazeti. Hakutaka chai. Kasema twende kabla hajaghairi.

Laini hakuna leo. Simu ya kaunta nayo haina mlio. Umeme upo, Mungu ashukuriwe. Salima kampa kiti chake mwenyewe, akamwamkia, kaitikia kwa mbali. Disketi ikakoroma muda mrefu mno. Nilishika meza.

Akatokea. Amelala. Mama akatoa ile karatasi, akaiweka pembeni ya skrini, akalinganisha. Ni yule yule. Akaanza kutikisa kichwa.

Akafumbua macho.

Mama karudi nyuma na kiti. Mwayo. Kalala. Mama kaniuliza kwa sauti ndogo mbona anafumba tena. Nikamwambia ataamka, subiri. Kaamka. Mama kaishika meza. Kalala, kaamka. Sasa anaongea naye, Kimwera, harakaharaka, sijamsikia akiongea hivyo tangu Baba aondoke. Ananyoosha kidole kwenye paji la uso, hagusi kioo. Kidevu hakiangalii tena.

Nimechukua daftari hili kwa sababu sitaki kulia tena mbele ya Salima. Salima mwenyewe analia.

Mama amesimama. Anafungua kanga kiunoni. Anaikunja, ananipa mimi niishike, nami nimeipakata naandika juu yake. Anapangusa uso kwa kiganja. Anangoja mtoto afumbue macho.

Kafumbua.

"Shikamoo, mama."

Na kainamisha kichwa, mtu wa miaka sabini. Laini bado haijarudi, ubatizo ni keshokutwa, Klementi hajui bado kwamba ni Stefania. Salima kakimbilia posta kuuliza kama simu zao zinafanya kazi. Mama hajakaa. Amesimama mbele ya skrini, anasubiri aitikiwe, na mtoto anapiga mwayo