Tundu la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote watano, na yule daktari aliyesema sifiki sitini. Shule niliishia darasa la tatu, lakini herufi zangu zimenyooka kama mshono wa ndoo zangu. Na ndoo nimetengeneza miaka hamsini na miwili! Nani mtaani hajachotea maji bati langu?

Leo kliniki ya kifua wamenipa mrija wa kupima pumzi. Nimepuliza. Mshale umekwama mia na themanini. Nesi kasema nirudi Ijumaa ya wiki ijayo. Nikifika mia mbili na hamsini, nabaki kwangu. Nisipofika, binti yangu ananihamishia kwake, ghorofa ya tatu, na karakana inafungwa. Eti kwa sababu nilianguka karibu na fuawe, chuma changu cha kupondea bati, nikalala chini mpaka saa sita mchana. Nililala! Mtu halali kwake?

Nesi kasema kinanda cha mdomo kinafungua kifua. Mwalimu anacho. Mstaafu yule, jirani yangu, ukuta wetu mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu kaniazima. Anakipenda kuliko meno yake, na meno yenyewe ya kununua. Kasema, Fundi, hiki hakigongwi nyundo, kinapulizwa. Nikamwambia nilianza kuvukuta moto yeye bado anajifunza a-e-i-o-u.

Kila tundu lina sauti mbili: ukipuliza, na ukivuta pumzi ndani. Kupuliza naweza. Kuvuta — hapo pana kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Tundu la kwanza, la pili, la tatu: yanalia. Kama bawaba kavu, lakini yanalia! La nne nikivuta, kimya. Nimevuta mpaka nikaona nyota, nikashika meza.

Mwalimu kapaza sauti ng'ambo ya ukuta: Fundi, unachinja nini huko?

— Nachinja wivu wako!

Jumamosi, 8 Machi

La nne bado. Kifua changu hakina kosa, ng'ombe hazeeki maini. Kosa ni la kinanda. Nimefungua skrubu. Ndani mna vilimi vya shaba, vyembamba kama ukucha wa mtoto. Kimoja, cha tundu la nne, nikaona kinakwaruza pembeni. Mfuniko wa ndoo ukikwaruza unaupiga tupa, nani hajui? Nikapiga mara moja. Mara mbili. Taratibu, kwa mkono huu uliofundisha mafundi kumi na mmoja.

Mara ya tatu kimekatika.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu kukiunga kwa risasi ya kuyeyusha. Tone limemwagikia tundu la tatu, nalo limeziba. Nimerudisha skrubu, nimekifuta kwa kitambaa. Kwa nje kinang'aa kuliko nilivyopewa.

Sikupuliza.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu ukutani: Fundi, mbona kimya? Nikasema napiga asubuhi, wewe ukiwa dukani. Kauliza, kila siku? Nikajibu, kila siku!

Binti kapiga simu. Kitanda changu keshakitandika. Kasema, Baba, utapapenda, kuna lifti. Kwani mimi mzigo?

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu kapiga hodi na kuingia kwa pamoja. Kinanda kilikuwa mezani. Kakivuta tundu la kwanza, la pili. La tatu kimya. La nne kimya. Kaomba bisibisi. Nikampa, ningefanyaje?

Kaigusa ile risasi kwa ukucha. Kisha kasema polepole: Hili la nne lilikuwa zima, Fundi. Lilitaka pumzi tu.

Hakufoka. Bora angefoka. Kakichukua kinanda chake, kaondoka. Nikamfungulia mlango badala ya kumwomba samahani.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki. Binti kulia kwangu. Mwalimu kushoto — binti ndiye aliyemwomba atusindikize.

Nimepuliza mara tatu. Mia mbili na kumi. Mia mbili na thelathini. Mia mbili na arobaini! Kumi tu, kumi!

Nesi kasema: Umepanda, mzee wangu. Kama umefanya mazoezi kila siku, nakuongezea wiki mbili nyumbani kwako, utafika. Kama hukufanya, basi hapa ndipo kifua kilipofika. Umefanya kila siku?

Nikasema kila siku, sikuacha hata moja. Mungu anajua ni siku nne tu.

Binti kasema, Baba, ulikuwa peke yako, nani alikusikia?

Nikamjibu, shahidi ninaye. Mwalimu. Ukuta mmoja, masikio mazima, na mtu mzima haongopi. Aulizwe yeye.

Kaulizwa. Nesi kashika kalamu, anangoja. Binti kamwuliza mara ya pili, kwa upole, Mwalimu, ulimsikia Baba?

Anafuta miwani. Bado anafuta.