Mkono Chini ya Shuka

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimeenda kortini. Haya, nimeandika. Mwezi wa tatu huu niko Garissa nakula kwa kaka yangu Diriye, na hata yeye sijamwambia. Nimevaa nikabu, mimi nisiyevaa nikabu, ili nisijulikane. Aibu gani hii.

Kadhi alisoma karatasi ya talaka ya Kismayu, Somalia. Mama, akasema, hukumu ya huko huku haina nguvu. Fungua kesi upya ya matunzo ya watoto, baba yao Salah aitwe hapa. Sawa. Lakini karani akasema mpeleka samansi hamjui Salah kwa sura. Aonyeshwe na mtu wa familia, siku ya soko.

Mtu wa familia! Kwetu talaka ni mambo ya wazee. Na wazee walishakaa. Salah akaapa hana kitu, wakapiga dua, wakaenda. Mwanangu Idman amerudishwa tena na shule, karo. Nitamwonyesha mwenyewe.

Jumatano, 8 Oktoba

Soko la mifugo. Vumbi, ngamia, wanaume tu — na mimi. Mpeleka samansi ni kijana wa Kitui, ananifuata nyuma.

Nikamwona Salah. Amenenepa. Ng'ombe wake wamesimama pale, yeye aliyeapa hana kitu. Dalali wake ameshikana mkono na mnunuzi chini ya shuka, wanabonyezana vidole, bei isijulikane na watu. Salah yuko pembeni anangoja.

Dalali ni Diriye. Kaka yangu anayenilisha ndiye anayemuuzia.

Akaniona. Nikabu si kitu, dada anajulikana kwa mwendo. Mkono hakuutoa. Kijana akaniuliza, mama, ni yupi?

Nikasema leo hajaja.

Mwongo mimi. Nimerudi kwa miguu, nalia ndani ya nikabu. Idman akauliza macho yana nini. Vumbi, nikamwambia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Diriye ameleta nyama na maziwa ya ngamia. Walaal, dada yangu, akasema, jana umenisitiri mbele za watu, Mungu akusitiri. Dalali akiletewa korti sokoni, nani atampa tena mifugo yake?

Na mimi nikasema asante! Nikaipokea nyama, nikaipika. Idman amekula, amesema tamu. Basi hayo ndiyo matunzo yake, yamepita mkononi mwa abti yake, mjomba wake, kwanza. Nimejichukia.

Nikatoka nje nikampigia kijana wa Kitui. Nilidanganya, nikamwambia. Salah ni yule aliyesimama karibu na wale wa shuka. Hakunigombeza. Jumatano tutarudi, mama. Halafu akauliza: na yule dalali wake? Salah atasema tena hana kitu. Korti itataka shahidi wa kusema ng'ombe ni wa nani na wameuzwa bei gani. Jina lake unalijua?

Nikakata simu.

Niko chumbani naandika. Simu nimeiacha sebuleni, na inalia; nani kama si yule kijana? Diriye yuko huko na watoto. Ananiita — walaal, njoo upokee, ama nikupokelee?