Ukurasa Uliobandikwa kwenye Friji ya Chanjo

Ijumaa. Mvua imekatika, lakini paa bado linadondosha. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu adhuhuri, na chai imepoa.

Wanaonisoma hapa wanaijua kazi yangu ya uzeeni. Kwetu Bukavu nilikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa Kampala, baada ya miaka mingi ya ukimbizi, nimekuwa mtunzaji wa programu moja ya kompyuta. Programu hiyo husoma maelezo ambayo watengenezaji wa vifaa huyaacha ndani ya msimbo wao, yaani maandishi yanayoiamuru mashine, na kuyageuza kurasa safi za kuchapishwa. Kwa muda mrefu ilielewa lugha moja tu ya alama, yaani namna moja ya kuonyesha kwamba hiki ni kichwa, hii ni orodha. Mwezi huu nimeifundisha ya pili.

Aliyeniomba ni Nakato. Yeye na wenzake hutengeneza vifaa vya kielektroniki katika chumba kimoja Wandegeya, juu ya duka la kuchapisha, na wote siku hizi huandika kwa lugha hiyo ya pili. Mwanzoni niliweka sharti: kila faili litaje juu kabisa limeandikwa kwa lugha ipi. Nakato akacheka.

"Jjajja, programu yako imekuwa askari wa mpakani. Kila faili linadaiwa kitambulisho."

Huniita babu kwa upendo, lakini utani huo ulinichoma. Nimesimama kwenye mipaka, nikiulizwa ninasema lugha gani kabla ya kuulizwa kama nimekula. Siku hiyohiyo nililiondoa sharti. Faili lisilojitaja, nikaamuru, lihesabiwe kuwa la lugha mpya.

Niliuona huo kuwa ukarimu.

Leo asubuhi alinipigia Mama Furaha, muuguzi wa kwetu anayesimamia kliniki ndogo karibu na hapa. Friji yao ya chanjo ina kifaa cha akina Nakato: pakiwa na tatizo, taa humweka, yaani huwaka na kuzimika, mara kadhaa, na ukurasa uliobandikwa mlangoni hueleza maana yake. Ule wa zamani ulikuwa umefifia, basi wiki hii akina Nakato wakachapisha mwingine kwa programu yangu. Alitaka tu kujua anunue betri ya aina gani.

"Taa inamweka mara nne tangu jana jioni, Papa. Karatasi inasema nne ni betri."

Nne si betri.

Nne ni joto. Maelezo yale niliyatia Kiswahili mimi mwenyewe: joto limepita kiwango, hamisha chanjo sasa hivi. Nikamwambia atazame kipimajoto. Nilisikia mlango wa friji ukifunguka, kisha akanisomea namba iliyopita kiwango.

Nilikuwa na swali moja, na niliogopa kuliuliza. Je, kuna mtoto aliyekwisha kuchomwa sindano?

"Bado. Wamama wako kwenye mabenchi. Nilikuwa nanawa mikono."

Nikamwambia asimchome hata mmoja.

Nilipofungua msimbo niliona kilichotokea. Orodha ya mwandishi wa msimbo huo ni moja, mbili, nne, tano. Tatu ilikuwa ya kifaa kilichoondolewa, naye akaliacha pengo makusudi. Lugha ya zamani huziacha namba kama zilivyoandikwa. Ile mpya hushika namba ya kwanza tu, kisha hujihesabia yenyewe bila kuacha pengo. Faili lilikuwa la zamani, halikujitaja, likasomwa kama nilivyoamuru. Betri, iliyokuwa namba tano, ikatokea namba nne. Hakuna onyo lililotolewa. Ukurasa ulitoka umenyooka, unapendeza.

Akina mama wamerudishwa nyumbani kwenye mvua. Mmoja alitoka upande wa Port Bell na mapacha. Chanjo zote zimetengwa, hazitatumika.

Mama Furaha alinipa pole, eti mashine ni mashine. Nikamwambia si mashine, ni mimi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Basi niibandue karatasi?"

"Ibandue, Mama."

Nimelirudisha sharti. Nakato amekuja akiwa amelowa, hakutania. Ameshuka kuchapisha ukurasa sahihi na kuupeleka kwa mkono.

Lakini programu yangu huchukuliwa bure, na yeyote. Tangu nilipolegeza sharti, wameichukua watu nisiowajua majina wala miji. Nimeandika tangazo la onyo, nikaliweka pale wanapoichukulia, na nimekuwa nikilitazama kama mtu aliyeita kwenye nyumba isiyo na taa.

Ni nani mwingine leo anasimama mbele ya karatasi yangu, akihesabu taa, na kuniamini?