Maranda ya Kijani

Jumanne

Trei zote kumi na mbili zimekufa. Miche ya nyanya imekuwa ya njano, imelala kama imemwagiwa maji ya moto.

Miezi mitatu nimeloanisha na kugeuza lile rundo la maranda nyuma ya nyumba mpaka likaoza na kuwa jeusi, ili tuoteshee miche humo na tuachane na pitimosi, ule udongo mwepesi wa kwenye trei unaoagizwa Ulaya kila msimu. Leo mwenye shamba ninakofanya kazi pale Nduruma amezitazama trei akasema, "Nilikwambia maranda ni ya kutandikia kuku." Wenzangu wakacheka.

Sababu nimeikuta nyumbani. Nimefukua rundo nikaona chembe za kijani. Ni za mbao za dawa, zile zinazopigwa dawa ya kijani zisiliwe na mchwa. Baba mkwe anapasua mbao za paa la banda lake, na maranda yake alikuja kuyamwaga kwangu, eti ananiongezea. Hakuuliza. Amuulize nani? Mimi ni mkwe tu.

Rundo lote ni la kutupa. Hata kwenye migomba siwezi kuliweka.

Nilitoka nimejipanga kumwambia, liwalo na liwe. Nikamkuta mlangoni kwake, na mdomo wangu ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Miche imeshika?"

Nikasema imeshika. Nilitamani kujizaba kofi.

Amefurahi kweli, mzee wa watu. Kesho anamalizia paa, na maranda yote ameshaniwekea kwenye magunia.